Mafuta ya Nazi Kwenye Breki

Nyumba ya Randu na mkewe Kanze ilikuwa Shika Adabu, kando ya barabara ya kwenda Likoni. Randu alikuwa na lori kuukuu. Zamani lilikuwa la jeshi. Vita vilipokwisha, yeye na Lewa, kaka yake Kanze, walilinunua kwa kuchangiana. Kila asubuhi lilipakia mihogo, nazi na akina mama wa sokoni, likateremka hadi kwenye feri. Kanze alipanda pia, na beseni lake la vitumbua, na binti yake mdogo Mbeyu mapajani.

Mteremko wa feri hauna mchezo. Barabara inashuka, na mbele yake hakuna ila maji.

Asubuhi moja ya msimu wa kusi, kulipokuwa na baridi, lori lilianza kushuka kama kawaida. Randu akakanyaga breki. Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Akakanyaga tena kwa miguu miwili. Lori likazidi kwenda.

"Mshike mtoto," alisema.

Akavuta breki ya mkono, akakata usukani upande wa kushoto, na lori likapanda juu ya fungu la mchanga. Likazimika. Nazi zikabingirika hadi majini. Hakuna aliyeumia.

Jua lilipopanda, Randu akaijaribu breki tena. Ikashika vizuri.

"Umeona?" alimwambia mkewe. "Ilikuwa imelala tu."

Kanze alimbeba Mbeyu mgongoni, akaenda kuokota nazi zilizobaki. 

Jioni ile alimkuta mumewe ameinama ndani ya lori, anamimina kitu kwenye kikopo cha breki.

"Unatia nini, baba Mbeyu?"

"Mafuta. Kikopo hiki hupungua kila mara, nami hukijaza."

"Mafuta gani?"

"Haya yako ya nazi. Mafuta ni mafuta, mke wangu."

Kanze aliyajua mafuta yale. Aliyapika mwenyewe. Lakini ya gari hakuyajua, kwa hiyo akarudi jikoni.

Kesho yake kulikuwa na baridi tena. Kanze alimkalisha Mbeyu amchane nywele. Akainamisha chupa ya mafuta. Hayakutoka. Yalikuwa yameganda, meupe kama mshumaa. Alitaka kuiweka chupa karibu na moto, kama afanyavyo kila mwaka siku za baridi. Mkono ukasita.

Asubuhi huganda. Mchana huyeyuka. Na breki je? Asubuhi iligoma, mchana ikashika.

Nje, lori lilikuwa tayari linanguruma. Akina mama walikuwa wamekwisha panda. Kanze akatoka mbio, akasimama mbele ya lori na ile chupa.

"Dada, ondoka njiani," alisema Lewa. "Feri haimngoji mtu."

Kanze akaigeuza chupa juu chini. Halikudondoka hata tone.

"Haya ndiyo yaliyomo kwenye breki," alisema. "Tazama, baba Mbeyu. Yatapitaje kwenye ule mpira mwembamba wa breki?"

Randu aliitazama chupa. Kisha akazima lori.

"Twende kwa fundi wa Duka Kuu," alisema Kanze.

Duka Kuu lilikuwa na matawi katika miji mingi. Liliuza vitambaa, taa na sufuria. Mwaka ule lilikuwa limefungua gereji nyuma ya tawi lake la Likoni. Watu waliiogopa. Ilisemekana kwamba lori likiingia pale halitoki, na kwamba mafundi huwapelekea polisi habari za magari mabovu.

"Leo wanauza sufuria, kesho breki," alisema Lewa. "Keshokutwa watatuuzia majeneza."

"Tukishuka ule mteremko, tutayahitaji," alijibu Kanze.

Lewa akaanza kuwashusha akina mama.

Kanze alikwenda kwa miguu. Mlangoni pa gereji alisimama kidogo, chupa mkononi. Fundi mmoja alitoka chini ya gari akifuta mikono. Aliitwa Wafula, mtu wa bara aliyejifunza ufundi jeshini.

"Karibu, mama. Hiyo chupa ni ya nini?"

Kanze akamweleza yote. Wafula hakumcheka. Aliuliza jambo moja tu: "Hiyo lori iko wapi sasa?"

"Lori hilo liko nyumbani."

"Lisitembee. Mimi nakuja."

Walilivuta kwa lori la gereji. Randu alikataa chai. Alikaa juu ya jiwe nje ya uzio wa gereji, macho kwenye lori lake, kama mtu aliyempeleka mwanawe kupasuliwa.

Wafula alifungua gurudumu la nyuma, akamwita.

"Gusa hapa, mzee. Unasikia majimaji? Mafuta yanavuja. Kikopo kikipungua, usijaze tu. Kwanza jiulize, yale ya mwanzo yamekwenda wapi?"

"Sikujiuliza," alisema Randu.

"Wengi hawajiulizi. Na breki ina mafuta yake maalum. Hayagandi kwa baridi. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa samaki."

"Na polisi?" Randu aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kazi yetu ni kutengeneza, mzee. Breki ikishika, polisi atakutafutia nini?"

Waliisafisha mipira yote ya breki. Wakatoa vipande vya mpira vilivyochakaa ndani ya magurudumu, wakatia vipya. Wakajaza mafuta yanayofaa. Kisha Wafula akamfundisha Randu kazi ya kila siku. Kabla ya kupakia, tazama kikopo. Tazama chini ya magurudumu kama pana majimaji. Halafu endesha kidogo mahali tambarare, ukanyage breki. Isiposhika hapo, usiende mbele.

Kesho yake Randu alifanya hivyo hivyo, hatua kwa hatua, akina mama wakingoja na kunung'unika. Kanze alimwacha Mbeyu kwa bibi yake. Yeye akapanda.

Walipofika kwenye mteremko, alishika ubao wa lori kwa mikono yote miwili. Baridi ilikuwa ile ile. Lori likaanza kushuka. Ghafla mkokoteni wa samaki ukakatiza mbele yao.

Randu akakanyaga. Lori likasimama pale pale. Watu wakaangukiana, na beseni la vitumbua likamlalia Bi Nyamvula, mwuza nyanya.

"We Randu," alisema, "hujui kusimama polepole? Nyanya zangu zimekuwa mchuzi."

"Niwie radhi, mama," alisema Randu. 

Kanze aliinua macho. Kati ya pua ya lori na maji palikuwa na nafasi ya kutosha watu kupita, na watu walikuwa wanapita.