Mstari wa Chaki Ubavuni mwa Injini

Jumamosi, Jocelyne alianza na cherehani. Mumewe Emery, kinyozi, alianza na kiti chake kimoja pale mlangoni. Nyuma ya pazia, kaka yake Jocelyne, Évariste, alianza kupiga tupa chuma. Watatu hao walitoka Kongo, wakagawana chumba kimoja cha kazi huko Doornfontein.

Évariste alikuja na ufundi wake mikononi. Johannesburg ikampa geti la kulinda huko Sandton. Wiki nzima aliwafungulia wengine. Jumamosi tu alikuwa mtu: alijenga injini ya jeti.

Aliitengeneza kutokana na turbo kuukuu ya lori, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa. Mbele, gurudumu dogo lenye mapanga hunyonya hewa na kuibana. Katikati, hewa hukutana na gesi na kuwaka. Moto hukimbilia nyuma, na ukipita huzungusha gurudumu la pili, lililofungwa na la kwanza kwenye mhimili mmoja. Kwa hiyo moto hujivutia hewa yake wenyewe.

Siku hiyo alitaka kuiwasha kwa nguvu zote.

“Yaya, tusimame wapi?” Jocelyne alimuuliza Évariste, akimwita kama kaka mkubwa aitwavyo kwao.

“Mbele inanyonya. Nyuma inachoma. Simameni ubavuni.”

Nani angebisha? Jocelyne akachukua chaki yake ya kukatia nguo, akachora mstari sakafuni, ubavuni mwa injini.

Nyambura alikuwa amefuata sketi yake. Mkenya huyu aliishi ghorofa ya juu, na alikuwa fundi wa maabara ya injini katika chuo kimoja cha jijini. Aliutazama mstari.

“Évariste, hapa ni pabaya kuliko pote. Gurudumu likipasuka, vipande vitakuja hapa hapa. Na sioni kipimo cha mwendo. Utajuaje kama limezidi?”

“Kwa sikio.”

“Sikio lako litahesabu mizunguko elfu tisini kwa dakika? Wacha, bwana! Ngoja Jumatatu nikuletee kipimo.”

“Dada, wewe una injini za kwenye picha. Mimi ninayo inayopumua. Chukua sketi.”

Emery alicheka. Jocelyne naye alicheka, kisha akamkabidhi Nyambura sketi. Kicheko hicho Jocelyne hajakisahau mpaka leo.

Nyambura alipoondoka, Évariste aliipulizia injini hewa kwa mashine ya kupuliza majani. Ikakohoa, ikashika. Mluzi ukapanda.

“Shemeji, inaimba!” Emery alipaza sauti, amesimama juu ya mstari.

“Eish, bado haijaimba!” Évariste akafungua gesi zaidi.

Jocelyne aliinama kuchukua simu ili apige picha. Kishindo kikalia, kimoja, kikavu. Alipoinuka, mumewe alikuwa amekaa sakafuni, ameshika mkono wake wa kulia, akiuliza kwa upole, “Ni nini? Ni nini?”

Kipande cha chuma kisichozidi ukucha kilikuwa kimeingia juu ya kiwiko. Hospitali walikitoa, lakini mshipa wa fahamu ulikuwa umekatika. Jeraha lilipona. Vidole havikukunjika tena. Kinyozi gani hashiki hata kitana? Kiti cha mlangoni kikawa cha kuwekea vitambaa.

Mwezi mzima Évariste hakufungua pazia. Ndipo Nyambura aliposhuka tena.

“Jocelyne, niazime kifungo kikubwa cha koti na uzi mnene.”

Alipitisha uzi kwenye matundu ya kifungo, akaufunga kitanzi, akakichovya kifungo kwenye maji ya chaki. Akashika kitanzi kwa mikono miwili, huku na huku, akausokota uzi, akavuta. Kifungo kikavuma kifuani pake. Kilipotulia, blauzi yake ilikuwa na mstari mmoja wa madoa, toka kidevuni hadi tumboni.

“Mikono yangu ndiyo mbele na nyuma ya injini. Tazameni, ni mikavu. Kitu kinachozunguka kikipasuka, vipande huruka kwenda ubavuni, pande zote. Ninyi mlikwepa mdomo na mkia, mkasimama penyewe.”

Emery alikigusa kifungo kwa mkono wa kushoto. “Ungekileta siku ile.”

“Siku ile nilileta maneno tu.”

“Nikayatupa nje,” Évariste alisema.

“Uliyatupa, shemeji. Yakanipata mimi.”

Évariste aliinamisha kichwa. “Kesho naipeleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu.”

“Usithubutu! Mkono wangu umo ndani yake. Ijenge tena, na safari hii umsikilize huyu dada.”

Walijenga miezi mitatu. Injini ilihamia uani, ikafungwa kwenye meza ya chuma. Magurudumu yalizungushiwa pete nene ya chuma, kisha magunia ya mchanga. Kipimo cha mwendo kiliwekwa, na cha mafuta ya kulainisha. Valvu ya gesi ilikwenda nyuma ya ukuta wa matofali, kwa mpira mrefu. Huko ndiko walikosimama wote, wakiitazama injini kwa kioo cha kujitazamia kilichoinamishwa juu ya ukuta. Ubavuni, mbele na nyuma hapakukaa mtu. Mwendo ukifika kikomo cha watengenezaji wa turbo, gesi hufungwa, hata kama roho inataka zaidi.

Kule chumbani, Jocelyne alipiga magoti akasugua ule mstari wa zamani. Chaki ilikuwa imezama kwenye saruji. Alisugua mpaka vidole vikachubuka.

Mara tatu injini iliimba vizuri. Mara ya nne gurudumu lilipasuka. Lilikuwa na ufa ambao hawakuuona. Kishindo kilikuwa kilekile. Nyuma ya ukuta walitazamana. Hakuna aliyetoka damu.

Évariste alichimba mchangani, akatoa kipande kisichozidi ukucha. Akampa Emery.

Emery alikiweka kwenye kiganja cha kulia, akajaribu kukifumbata. Kikaanguka.

Jocelyne akakiokota, akakitia kwenye kopo lake la vifungo. Siku hizi mgeni akija kuona injini, humwonyesha kopo hilo kwanza. Mgeni akicheka udogo wa kipande, Emery hukunja mkono wa shati aonyeshe kovu. Hakuna aliyewahi kucheka mara ya pili.