Poda Nyeupe Katika Kikapu cha Nanon

Kila asubuhi, kabla wateja hawajaingia, Perrine alikuwa na kazi zake katika duka la baba yake mjini Dijon. Alifungua mbao za madirisha, akawasha makaa ya kupashia vyuma vya kusokotea nywele, kisha akaketi na kuchekecha poda. Poda hiyo ilikuwa wanga wa ngano, laini na mweupe pe, uliotiwa manukato. Mabwana wa mji walipuliziwa poda hiyo juu ya mawigi yao ili waonekane watu wa heshima. Baba yake, Gaspard Lemoine, alikuwa fundi wa wigi aliyesifika sana, na alipenda kusifiwa zaidi ya hapo.

Perrine alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na mwaka huo wa 1789 kichwa chake hakikutulia hata kidogo. Mkate ulikuwa umeadimika. Mto ulikuwa umepungua maji, vinu vya kusagia havikuzunguka, na mbele ya duka la mwokaji wanawake walipanga foleni tangu alfajiri wakisukumana na kutukanana. Ndani ya duka la baba yake, ngano hiyo hiyo ilikuwa inapulizwa hewani kwa mvukuto. Alipomuuliza baba yake sababu, alijibiwa, "Ule si unga, ni poda." Jibu hilo halikumwingia akilini, lakini alirudi kuchekecha.

Jambo jingine lililomvuruga ni maneno ya wateja. Duka lile lilikuwa baraza la mabwana. Wakisubiri zamu zao walisomeana magazeti ya Paris, na msomaji wao alikuwa Bwana Thoury, wakili mnene mwenye sauti nzuri. Tangu mwezi wa Julai, watu wa Paris walipoiteka ngome ya Bastille iliyokuwa gereza la mfalme, Bwana Thoury alisoma kwa majivuno kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeuvunja ukuta.

"Mnadhani ngome ile imeangushwa na mizinga?" aliwauliza wenzake siku moja. "Imeangushwa na vitabu. Miaka nenda miaka rudi wanafalsafa wetu wameandika. Vitabu vyao vimechomwa moto, wengine wao wametupwa gerezani, lakini swali lao limebaki pale pale. Nani aliyempa mtu mmoja ruhusa ya kuwatawala wengine bila kuwauliza? Mungu amempa kila mtu akili. Basi kila mtu aitumie."

Mabwana walipiga makofi. Perrine akamsogelea baba yake na kumnong'oneza, "Baba, swali linabomoaje ngome?"

"Chekecha poda," alijibu baba.

Asubuhi moja ya Septemba, Bwana Thoury aliingia akitweta, gazeti mkononi. Wajumbe wa taifa waliokutana Versailles, karibu na Paris, walikuwa wameandika tangazo la haki za binadamu, na yeye alitaka kuwa wa kwanza kulisoma. Alisoma kwamba watu wote huzaliwa huru na wana haki sawa. Alisoma kwamba hakuna atakayekamatwa ovyo pasipo sheria, na kwamba kila mtu ahesabiwe hana hatia mpaka kosa lake lithibitishwe. Mzee mmoja alitokwa na machozi. Hata baba yake Perrine alisimama kidogo, kitana kikiwa hewani.

Kisha Bwana Thoury aliketi kwenye kiti cha kazi, akafunikwa shuka, akatumbukiza uso ndani ya karatasi iliyokunjwa kama faneli ili poda isimwingie machoni. Baba alianza kupuliza. Kutoka ndani ya karatasi ile wakili aliendelea kuhubiri usawa, sauti yake ikitoka kama ya mtu aliyetumbukia pipani.

Vumbi jeupe lilimwangukia Nanon, mjane aliyekuwa akifagia duka lile na kufua mataulo yake. Alikuwa na watoto wawili nyumbani.

"Jana ulipata mkate, Mama Nanon?" Perrine alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Nilifika mlangoni, mwanangu, mwokaji akafunga. Wanangu wamelalia supu ya kabichi. Nikisema supu nawadanganya, yalikuwa maji yaliyopitiwa na kabichi." Nanon alicheka kidogo, kisha akainama tena kufagia.

Perrine alikwenda chumba cha nyuma akiwa na mawazo tele. Kama watu wote ni sawa, kwa nini pipa hili la wanga liwe la vichwa vya mabwana peke yao? Alichukua mfuko mdogo wa kitambaa, akaujaza wanga ambao haukuwa umetiwa manukato, akauficha chini ya mataulo machafu ndani ya kikapu cha Nanon. Alijiambia kwamba hilo ndilo lililosomwa gazetini. Hata hivyo alichungulia mlangoni mara mbili kabla ya kutoka, na hakuelewa kwa nini, maana aliamini anatenda wema.

Nanon alipomaliza kazi alichukua kikapu chake ubavuni, akaaga, akaelekea mlangoni. Nyuma yake, juu ya sakafu aliyoifagia mwenyewe muda si mrefu, kikapu kikawa kinachora mstari mweupe. Mfuko ulikuwa na tundu.

"Nanon," aliita baba. "Hebu simama."

Baba alitia mkono chini ya mataulo, akatoa mfuko.

"Miaka yote nimekuamini," alisema, uso umemwiva kwa aibu mbele ya wateja.

"Sijui umefikaje humo, bwana. Naapa kwa roho za wanangu, sijui."

"Bila shaka umeingia wenyewe, kwa miguu yake," alisema bwana mmoja, na wenzake wakaangua kicheko.

"Mwite askari, Gaspard," ilisema sauti kutoka ndani ya faneli. "Mwizi wa ndani ya nyumba ni mbaya kuliko wa barabarani. Hapana haja ya kupoteza maneno."

Nanon aliweka kikapu chini. Kila mtu aliyekuwa mle ndani alijua yanayompata mtumishi aliyemwibia mwajiri wake. Mijeledi hadharani, na chuma cha moto begani ili abaki na alama ya mwizi maisha yake yote. Na wale watoto wawili wangebaki na nani?

Perrine alitaka kusema, lakini aliogopa. Akisema, baba atamchapa, na mabwana watasema binti wa Lemoine ni mwizi. Asiposema, Nanon amekwisha. Zaidi ya yote, hakuelewa kitu kimoja. Watu hawa walikuwa wameguswa muda mfupi uliopita na maneno yale yale, mmoja wao mpaka machozi. Je, yeye ndiye aliyesikia vibaya?

"Bwana Thoury," alisema hatimaye, "ile sehemu inayosema mtu ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitishwe... inamhusu Nanon pia?"

Faneli haikusogea. "Hayo ni mambo ya nchi, binti. Si mambo ya mfagiaji."

"Kwani Nanon ni wa nchi gani?"

Bwana aliyefanya mzaha alianza kuchunguza vifungo vya koti lake. Yule mzee aliyelia aliinama akatazama viatu.

"Mimi ndiye niliyeuweka," Perrine alisema, na machozi yakamtoka. "Nanon hajui lolote. Nilisikia sote ni sawa, nikadhani si wizi. Sasa sijui tena ni nini."

Baba alimwendea kwa hasira, lakini Nanon alitangulia, akamshika Perrine mabega yote mawili.

"Kwa nini hukuniuliza?" alisema, na sauti yake haikuwa ya upole. "Ningekuambia sitaki. Umenipa zawadi ambayo ingenichoma bega. Unanihurumia mpaka unanifunga jela?"

"Nisamehe, Mama Nanon."

"Nitakusamehe. Ngoja kwanza moyo wangu urudi mahali pake."

Ndipo Bwana Thoury alipoondoa karatasi usoni. Nusu ya wigi lake ilikuwa nyeupe na nusu ya kahawia. Aliliokota gazeti lake, akalitazama kana kwamba limeandikwa na mtu mwingine.

"Nimelisoma kwa mdomo tu," alisema taratibu. "Nanon, nimekukosea mbele ya watu hawa, na mbele yao naomba radhi."

Nanon aliangaza macho dukani. "Kiti kile kina mtu?" aliuliza. Hakikuwa na mtu. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi mle, aliketi. "Basi soma tena, bwana. Ulipokuwa unasoma mimi nilikuwa nafagia."

Wakili alisoma tena, safari hii bila madaha. Alipomaliza alikataa kupuliziwa nusu iliyobaki, akaondoka na wigi lake la rangi mbili. Baba aliguna, maana hasara hakuipenda. Kisha alijaza wanga mfuko mwingine usio na tundu, akamkabidhi Nanon waziwazi, mbele ya wote, akamwambia awapikie watoto uji. Perrine alipewa adhabu ya kufagia duka mpaka Krismasi, bila Nanon kupunguziwa ujira.

Jioni walipobaki wawili, Perrine akifagia, baba alikaa kwenye kiti cha wateja.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Ulichochukua hakikuwa chako, na ulikichukua kwa kujificha. Ulipojificha, mzigo ulimwangukia mtu asiye na mtetezi. Ulipojitokeza na kusema kweli, ulimwondokea. Mtu akitaka haki, aitafute mbele ya macho ya watu, na kwanza amuulize anayemtafutia. Umenielewa?"

"Hapo nimeelewa, baba. Mengine bado."

"Hata mimi bado. Lakini lile swali lako, la jinsi swali linavyobomoa ngome, nadhani umejibiwa leo. Umeuliza neno moja tu, na mabwana wazima wakakosa pa kutazama. Sisi tuliozoea mambo hatukuwa tumeuona ukuta. Ndivyo walivyofanya wale walioandika vitabu. Waliuliza, wengine wakasikia, nao wakaanza kuuliza."

Perrine aliegemea fagio lake akafikiri. "Na wewe, baba, ulikuwa ndani ya ngome au nje?"

Gaspard Lemoine aliangalia mikono yake, ambayo ilikuwa bado myeupe kwa poda.

"Nilikuwa mlinzi wa mlango," alisema. Kisha akainuka, akachukua kitambaa, akaanza kumsaidia kufuta sakafu.