Mrututu wa Chumba cha Simu

Asubuhi ya Jumatatu simu ya Morogoro, ile ya kugonga herufi kwa waya, ilikuwa bubu. Shaushi Rehani, sajini wa polisi, alikuta mitungi kumi na miwili ya kioo juu ya rafu. Hiyo ndiyo betri iliyosukuma habari hadi Dar es Salaam. Mitungi minne ilikuwa na maji meupe tu, na kopo la mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, lilikuwa tupu.

Bwana Posta, Mdachi wa hasira za karibu, alikwisha kukata hukumu: karani Severini ameharibu betri makusudi. Saa sita mchana angelazwa kifudifudi apigwe hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano mbele ya watu.

"Uliikagua lini?" Rehani alimuuliza karani.

"Jumamosi jioni, Shaushi. Maji yalifunika zinki. Buluu ya mrututu ilikuwa imetulia chini. Vichwa vya waya nilivipangusa kutu nikavikaza."

"Na jana?"

Severini aliinamisha kichwa. "Jana nilikuwa kanisani. Ufunguo nilimwachia Mosi, mfagiaji. Lakini Mosi si mwizi."

Rehani alikuwa akitazama komeo la mlango. Chuma chake kilikuwa na doa jekundu, kana kwamba kimepakwa shaba. Alilikwangua kwa kisu. Chini yake, chuma kitupu.

"Hii ni nini?"

"Maji ya mrututu, Shaushi. Yakigusa chuma huacha shaba juu yake."

Rehani akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aamke. Aliyelishika komeo lile alikuwa na mkono uliolowa.

Nyumbani kwa Mosi hapakuwa na mtu. Jirani akamwelekeza kwa mchumba wa Mosi, Chausiku, aliyekuwa barazani akichambua mchele. Mikononi mwake ziling'aa bangili sita nyekundu. Mosi alikuwa ameketi kando yake, vidole vyake vya buluu.

"Shikamoo, Shaushi," Mosi alisema, akainuka.

"Marahaba. Chausiku, mwanangu, niazime moja."

Aliikwangua kidogo tu. Chuma kikachungulia. Mosi akakaa chini tena.

"Ulichukua lini?"

"Jana, Shaushi. Nilijaza kibuyu kutoka mitungi minne, nikarudishia maji ya kawaida. Mawe ya koponi nikayatia kibuyuni, nikachovya bangili humo."

"Severini anachapwa saa sita kwa ajili yako."

Rangi ilimtoka Mosi usoni. "Sikujua. Wallahi sikujua. Nilidhani ni maji ya rangi. Juzi msumari wangu ulidondoka mtungini, nikautoa mwekundu. Mjomba Pazi, mlezi wa Chausiku, alisema hamtoi bila bangili za shaba. Mimi nina waya wa chuma tu." Alikwishavaa viatu. "Twende. Nichapwe mimi."

"Kwanza simu iseme," Rehani alisema.

Walipitia duka la dawa la Mhindi, Mosi akanunua mrututu kwa akiba yake yote. Severini alimwonyesha namna ya kuujaza chini, kuongeza maji taratibu, kukaza waya. Saa tano na nusu simu ikaanza kugonga. Habari za siku mbili zilimiminika hata Bwana Posta akakosa pa kuweka karatasi.

Rehani akamweleza yote, bila kuficha jina.

"Simu inafanya kazi?" Mdachi aliuliza, kalamu mkononi.

"Inafanya, Bwana. Na sasa wanaojua kuikagua ni wawili."

"Basi hakuna viboko. Mosi aoshe mitungi mwezi mzima bila mshahara. Tokeni."

Severini alicheka akitoka, akamkumbatia Mosi hata kofia ikaanguka.

Jioni Rehani alimpelekea Mjomba Pazi habari mwenyewe, na ile bangili iliyokwanguliwa. Mzee aliigeuzageuza mwangani, akamwita mpwa wake.

"Chausiku, ulijua hizi ni chuma?"

"Tangu jana, Mjomba. Nilipoosha vyombo moja iliambuka."

"Mbona hukusema?"

"Ungemkataa."

Pazi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alimvisha mpwa wake bangili kwa mkono wake.

"Harusi Alhamisi," alisema. "Shaushi, uje na yule karani."