Sensa Tatu Kwenye Geti

Mama mmoja mshonaji anaapa kwamba asubuhi ile binti wa jirani yake dereva alipandwa na wazimu. Anasema alimwona kwa macho yake mawili, sindano ikiwa bado mdomoni: binti kamtoa bibi yake garini, kamkalisha juu ya ndoo iliyofunikwa, kisha kafungua boneti akaimwagia injini maji ya sabuni kama anayeogesha mtoto. "Kamnyima bibi kizee hospitali!" humwambia kila anayekuja kupimwa nguo.

Jamani, ya sabuni ni kweli. Ya ndoo nayo ni kweli. Hayo ya wazimu, sikilizeni kwanza.

Nyumba ile ilikuwa na watu watatu na gari moja la zamani. Baba alikuwa dereva wa kukodiwa. Bibi, mama yake baba, alikuwa amevunjika mguu, akawa anapelekwa hospitali mara mbili kwa wiki kufanyishwa mazoezi. Binti alimaliza shule ya msingi akabaki kutunza nyumba, na kwa kuwa macho yake yalifanya kazi kuliko mdomo, watu walimwita Kimya. Asubuhi zao zilikuwa za raha. Binti anafagia uwanja, baba anapangusa vioo, bibi kakaa mlangoni anachokoza.

"Sugua tu," bibi humwambia mwanawe. "Mkeo marehemu hukuwahi kumpangusa hata vumbi la begani."

"Mama, gari halinuni."

"Litanuna. Ngoja."

Na kweli likanuna. Siku moja taa ndogo yenye umbo la injini iliwaka mbele ya usukani. Baba akalipeleka kwa fundi wa mtaa wa pili, ambaye watu wanamwita Profesa kwa sababu ya mashine yake ya kupimia yenye kioo. Profesa akachomeka waya, akasoma.

"Sensa ya oksijeni," alisema. "Ndiyo pua ya gari. Inanusa moshi kwenye bomba, inaiambia injini ipunguze petroli au iongeze. Imekufa. Tuweke nyingine."

Wakaweka nyingine. Taa ikalala wiki tatu, ikaamka. Wakaweka ya pili. Ikaamka. Ya tatu nayo haikumaliza mwezi. Sensa zilizotolewa baba alizitupa kila mara kwenye kopo la misumari, na binti akawa anaziona zinavyoongezeka. Safari ya nne Profesa hakuchomeka hata waya. Alikata kipande cha utepe mweusi, akakibandika juu ya taa.

"Huo ni uzee wa gari tu, mzee mwenzangu. Usipoiona haikusumbui."

Baba akacheka, akashukuru. Ndugu zangu, hapo ndipo nyumba ilipoanza kuugua.

Binti alikuwa akifagia karibu na gari kila asubuhi, kwa hiyo alijua kitu ambacho mwingine hakukijua. Gari likiwashwa likiwa baridi lilikuwa linagonga, tik-tik-tik, kama mtu anayepiga ulimi kaakaani. Likishapata moto, mlio unapotea. Kwa Profesa lilifika kila mara likiwa limechemka, limenyamaza kama mtoto mbele ya mwalimu. Alijua pia kwamba bibi alikuwa haumwi kichwa ila siku za gari. Siku za nyumbani anataniana mpaka na kuku. Siku za mazoezi anarudi kashika kichwa, chakula hakipandi.

Akamwambia baba yake.

"Mama ana miaka mingi," baba alijibu. "Na wewe tangu lini ukawa fundi? Umeishia shule ya msingi. Ile mashine ina kompyuta ndani."

"Sijabisha, baba. Lakini mashine haijawahi kufagia uwanja huu asubuhi."

"Nyamaza! Hujui kitu."

Akanyamaza. Wangapi wetu tumenyamazishwa hivyo, na wangapi tumewanyamazisha wengine?

Siku mvua iliponyesha walifunga vioo vyote, baba akawasha feni vioo visiingie ukungu. Bibi alifika hospitali kalegea kama nguo iliyolowa. Wakamwekea hewa puani. Nesi akamgeukia baba.

"Nyumbani mnapika kwa mkaa ndani?"

"Hapana. Jiko letu liko nje."

"Basi huyu kavuta moshi wapi? Maana hali yake ni ya mtu aliyelala na jiko la mkaa chumbani."

Baba akapandisha mabega. Binti, aliyekuwa amemshika bibi mkono, aligeuza shingo akatazama nje dirishani, mahali gari lilipoegeshwa.

Bibi alipopata nafuu akarudishwa nyumbani kwa gari hilo hilo, ila binti alishusha vioo vyote wakalowa njia nzima. Asubuhi ya mazoezi yaliyofuata, baba akamsaidia mama yake kuingia. Hapo ndipo Kimya alipofungua mdomo.

"Bibi, shuka."

"Nini?" baba aliuliza.

"Bibi haingii humu leo. Taa imezibwa, na mimi nimezibwa. Nimechoka kuzibwa."

"Unasema na mimi?"

"Nasema na wewe baba, na heshima yako iko palepale. Ukitaka kunipiga, nipige baada ya dakika mbili. Washa gari kwanza, lingali baridi."

Bibi alikwisha kushuka. Akakaa juu ya ndoo. "Mwashie," alimwambia mwanawe. "Au unaogopa mtoto wa shule ya msingi?"

Baba akawasha kwa hasira. Tik-tik-tik. Binti akasokota tambara lililolowa, akamwambia baba alibane kwenye mdomo wa bomba la nyuma. Kisha akamimina maji ya sabuni pembeni mwa injini, juu ya bati linalofunika bomba pale linapoanzia. Povu likachomoza ukingoni mwa bati, likivimba na kupasuka kwa mpigo uleule wa mlio. Harufu ya moshi ikawajaa usoni.

"Njoo uone, baba. Na tazama boliti za bati hili. Zina kutu ya miaka, hazijaguswa. Amebadilisha pua mara tatu na hajafungua kifuniko mara moja."

Baba aliinama muda mrefu. Kisha akainuka. Aliingiza mkono ndani, akabandua utepe mweusi. Taa ilikuwa inawaka.

Bibi akaenda hospitali kwa gari la mtu mwingine. Wao wakalisukuma lao hadi kwa Profesa, lisipate moto, watu wakicheka njia nzima. Bati likafunguliwa. Bomba lilikuwa na ufa mrefu kama kidole, kandokando pamejaa masizi. Kila injini ilipovuta pumzi, hewa ya nje iliingia mle. Sensa ikainusa, ikasema kweli kwamba hewa imezidi, nayo injini ikaongeza petroli bure. Moshi ukatokea hapo hapo, feni ikauvuta ndani; wenye nguvu waliuhimili, bibi akalemewa.

"Mimi nafuata mashine inavyosema," Profesa alijitetea.

"Mashine ilikutajia shahidi," binti alimjibu. "Wewe ukamfunga shahidi, mwizi ukamwacha."

Ufa ukachomelewa. Taa haijawaka tena. Kichwa cha bibi nacho kimepona, ulimi wake haujapata dawa.

FUNZO

Wenzangu, usikate pua kwa sababu imenusa uvundo. Katika nyumba, anayeonya si adui, hata awe mdogo, hata awe hakusoma. Tukimziba mdomo ubaya hauondoki. Unahamia kiti cha nyuma, kwa mnyonge wetu. Na wewe unayejua jambo, heshima si kunyamaza wakati mtu anakufa. Simama mbele ya gari.

Sensa zile tatu binti alizitoa kwenye kopo, akazifunga kwa waya juu ya geti, na wanaopita wanauliza, na wanaambiwa. Jana Profesa alikuja mwenyewe, kofia mkononi.

"Binti yangu, wateja wananicheka. Zitoe basi, eh? Nakuomba."

Binti alikuwa anafagia. Akaendelea kufagia.