Muonjaji wa Urwarwa

Kila asubuhi Divine alimwamsha mdogo wake Bazilio, na kila asubuhi Bazilio aliamka akiwa hoi. Walichota maji, wakafagia uwanja, kisha wakapanda kilima kwenda shuleni, nje kidogo ya mji wa Kasulu. Kipindi cha kwanza hakikuisha kabla Bazilio hajasinzia. Divine alikuwa amechoka kusingizia malaria.

Mwaka ule wa 2014 shule ilikuwa na klabu ya kupinga dawa za kulevya. Mlezi wake, Mwalimu Ghati, alitaka kupima kama mafunzo yamesaidia.

"Kokeini ina madhara gani? Na heroini je?" aliwauliza siku moja klabu ilipokutana.

Wanafunzi walijibu kama kasuku. Mwalimu aliketi, akashusha pumzi.

"Majibu yote mnayo. Mbona basi wenzenu wanalala darasani?"

Divine alimtazama Bazilio, aliyekuwa akikoroma. Akisema, mama atachekwa, na biashara ya mama ndiyo iliyowanunulia sare. Asiposema, mdogo wake ataharibika.

"Mwalimu, hiyo kokeini hatujawahi kuiona," alisema. "Sisi tuna urwarwa, pombe ya ndizi. Mama anaiuza, na Bazilio ndiye muonjaji. Kila alfajiri anaonja kila dumu kuona kama pombe imekolea, kisha anarudi kulala."

Hakuna aliyecheka. Mvulana mmoja alisema bibi yake humpa kikombe akitoka kulima.

Jioni Mwalimu Ghati alifuatana nao nyumbani. Mama alikuwa akikamua ndizi, mikono imelowa hadi viwiko. Mwalimu alipomweleza alichosikia, Divine alitamani ardhi ipasuke.

"Mwalimu, hata mimi nilimwonjea mama yangu," mama alijitetea. "Kwani urwarwa nayo ni dawa za kulevya?"

"Inalevya, Mama Divine. Kosa ni langu pia. Nilifundisha ya mbali, ya hapa nikayaruka. Lakini mtazame mtoto."

Bazilio alikuwa amesinzia kando ya madumu, kikombe mkononi. Mama alimwondolea kikombe taratibu.

Muhula uliofuata Bazilio hakulala tena darasani. Klabu ilianza mafunzo upya, na Mwalimu Ghati akamwalika Mama Divine. Alisimama mbele ya wanafunzi, amechoka, macho chini.

"Mimi ndiye niliyempa mwanangu kikombe cha kwanza," alisema. "Aliyemwokoa ni dada yake. Mkiona mdogo wenu anaharibika, semeni, hata kama mwenye kosa ni mama yenu."