Nondo na Buabua

Injini ilizima njiani kutoka Vanga kwenda Shimoni, maji yakishuka, na mkondo ukaanza kuivuta boti nje. Chirau, mwenye boti, mkono wake umebanwa kwenye injini, alimpigia kelele abiria wake: "Tupa nondo!"

Nanga yake ilikuwa vyuma vya ujenzi vilivyopindwa, na mabaharia wa kwao huiita nondo tu. Lakini Hasina, binti wa Ukunda, alikuwa mtafiti wa wadudu. Kwake nondo ni yule ndugu wa kipepeo anayefuata taa. Akadhani mzee anataka boti iwe nyepesi, akabeba sanduku lake la nondo, wadudu aliowakusanya kwa miezi minane, akalitosa. Alipoelewa kosa lake, walikuwa wameshavuka mwamba na kamba ya nanga haifiki chini. Kiswahili nacho kina mizaha yake.

Siku ya tatu hakuna aliyemlaumu mwenziwe. Simu zilikuwa zimelowa, maji yamebaki vifuniko vinne vya chupa. Mkono wa Chirau ulivimba hadi kiwiko, ukinuka. Hasina aliuosha bila huruma wala kinyaa. Alihisi ganzi tu, na ganzi ile ilimtisha, kisha nayo ikaacha kumtisha. Nchi kavu haikuonekana. Walikuwa na kasia moja na nguvu za kwenda upande mmoja tu.

Chini ya turubai Hasina aliona nondo wa kahawia, yu hai. Akasema ameletwa na upepo wa bara, basi wapige kasia kuelekea upepo unakotoka.

Chirau alitazama juu. Buabua, ndege mweupe wa baharini, alipita na dagaa mdomoni. Akapita wa pili, upande uleule.

"Huyo mdudu tulimpakia wenyewe Vanga, mwanangu," alisema. "Nondo hupelekwa. Buabua ana samaki na hammezi, ana watoto wanamngoja. Huyo anakwenda."

"Na ukiwa umekosea, ami?"

"Tutakuwa tumekwenda."

Hasina alipiga kasia mpaka malengelenge yakapasuka. Adhuhuri kilitokea kisiwa cha mawe, kimejaa ndege, na kando yake boti ya watalii. Watu walipunga mikono. Yeye hakupunga.

Mkondo ukaanza kuwavuta tena. Chirau alifumbua macho. "Tupa..." akasita, akitafuta neno lisilo na makosa.

Hasina alikuwa ameshakitupa chuma. Kamba ikakaza, boti ikatulia. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu Vanga.