Ndugu Yangu Alicheza Ligi Kuu kwa Jina Langu

Nina umri wa miaka ishirini na mmoja, mzaliwa wa Lurambi hapa Kakamega, na sina kitambulisho. Si kwamba nimekipoteza. Si kwamba mimi ni mvivu wa kupiga foleni. Kitambulisho changu kipo, kina jina langu na tarehe yangu ya kuzaliwa... ila picha iliyo pale si yangu. Ni ya ndugu yangu wa damu!

Katika mkasa huu nitajiita Hesbon. Jina langu la kweli silitaji, maana limeshatumiwa vya kutosha na watu wasio na haya. Ndugu yangu nitamwita Kizito. Ananizidi miaka saba. Wasomaji wenzangu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Anayetaka habari za kusameheana atafute ukurasa mwingine.

Baba alikuwa mkulima wa miwa. Alifariki nikiwa darasa la sita, akatuacha na Mama, shamba dogo na kupenda mpira kupita kiasi. Kizito alikuwa mshambulizi wa timu ya kijiji, nami nilicheza winga ya kushoto. Kizito anaujua mpira, sitamnyima hilo. Lakini miaka yake ya kuonekana ilipita bila kuonekana. Kufikia miaka ishirini na mitano alikuwa anakata miwa siku za wiki na kucheza Jumapili tu.

Aliyeonekana ni mimi.

Ilikuwa kwenye mashindano ya vijiji hapa mjini, mwaka uliofuata baada ya kumaliza kidato cha nne. Katibu wa timu ya ligi kuu ya hapa Kakamega alikuwa kando ya uwanja, amejikinga jua kwa mwavuli. Nilipofunga bao la pili aliniita, akaandika jina langu kwenye daftari. Alisema msimu unaokuja wanataka vijana wa chini ya miaka ishirini, kwa hivyo baada ya wiki mbili nipeleke cheti cha kuzaliwa na matokeo ya shule. Nilifika nyumbani nikikimbia. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna mtu amejifungua.

Siku nane baadaye, tukiwa mazoezini, Kizito alinichezea rafu. Kifundo cha mguu kilifura palepale. Hospitalini wakasema mfupa umepasuka, nikawekwa plasta na kuambiwa nisahau mpira kwa miezi mitatu.

Je, alikusudia? Mpaka leo hajakiri, na mimi sijui. Lakini nyinyi mliowahi kucheza mnajua kwamba mtu anayefuata mpira huangalia mpira. Yeye aliniangalia usoni!

Jumapili hiyo, baada ya kanisa, Kizito na Mama walinijia wakiwa wawili. Kizito alikuwa na mpango tayari. Alisema Katibu aliniona mara moja tu, tena nikiwa nimejaa vumbi. Sisi tunafanana, na yeye ndevu hazimwoti sana. Angeenda na vyeti vyangu, anishikie nafasi, mguu ukipona tubadilishane kimyakimya katikati ya msimu. Nilikataa. Nilisema afadhali ningoje msimu mwingine. Ndipo Mama akaingilia.

"Hesbon, mwana wanje, si huyu ni ndugu yako? Si mlitoka kwa tumbo moja? Kwani jina inaishanga ikitumiwa?"

Niliinua godoro kwa mkono wangu huu huu, nikatoa bahasha ya vyeti, nikampa Kizito. Hakuna aliyenishika koo. Kosa hilo ni langu na sitamsingizia mtu.

Na msidhani Katibu alidanganywa! Nilisikia baadaye kwamba alimtazama Kizito juu mpaka chini, akamwuliza hunyoa mara ngapi kwa wiki, akacheka, kisha akaandika. Kijiji kizima kilijua. Na kijiji kizima kilinyamaza, kwa sababu kilitaka mabao.

Ili watu wasikutane na akina Hesbon wawili barabarani, mimi nilipelekwa kwa shangazi, dada ya Baba, kule Bukura. Niliambiwa mtu akiniuliza jina niseme Kizito. Nikakaa huko na plasta yangu, nikipukuchua mahindi ya shangazi, huku msimu ukianza mjini bila mimi.

Mechi ya kwanza timu ilifungwa. Ya pili ikatoka sare. Ya tatu nilikuwa kibarazani na redio ya shangazi, mara mtangazaji akapaza sauti: "Hesbon! Hesbon! Bao!" Niliruka, nikasahau mguu, nikaanguka. Majirani walishangilia hadi njiani. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kunitazama, na angenitazama kwa nini? Kwao mimi nilikuwa Kizito, yule mgonjwa wa mguu.

Timu yenyewe ilikuwa mbovu. Ilikaa mkiani karibu msimu mzima, na mabao ya Kizito ndiyo yaliyoizuia kuzama. Kwa hivyo watu walimpenda kupita kiasi. Mashabiki walikuja uwanjani na ngoma za isukuti, wakatunga wimbo, na katikati ya wimbo ni jina langu. Nimezaliwa na jina hilo, nimeitwa nalo shuleni na kanisani, halafu nalisikia likiimbwa na maelfu ya watu... na hawaniimbi mimi!

Kilichoniuma zaidi ni Mama. Maisha yake yote aliitwa Mama Kizito, kwa sababu Kizito ndiye kifungua mimba. Msimu ule wanawake wa kanisa walianza kumwita Mama Hesbon. Na yeye akaitika! Akaitika akitabasamu, akipokea pongezi, huku Hesbon mwenyewe akipalilia shamba la watu Bukura.

Plasta ilitolewa, mguu ukapona, nikaanza kukimbia kila asubuhi. Krismasi nilirudi nyumbani kudai nafasi yangu. Mama alichinja kuku. Kwetu imondo, yaani firigisi, huliwa na mwanamume mkubwa wa nyumba, na tangu Baba afe Kizito ndiye aliyekuwa akiila. Nilimwuliza tunabadilishana lini. Alitafuna imondo yake taratibu, akanijibu akiwa bado anatafuna.

"Tulia, wewe. Timu iko pabaya. Nikitoka saa hii tunashuka. Wacha msimu iishe."

Nilimtazama Mama. Alikuwa anatikisa kichwa kumkubalia.

Januari nilikwenda mjini kuomba kitambulisho, kwa sababu umri ulikuwa umefika. Karani wa pale ofisini alitafuta jina langu, akaniangalia, akatafuta tena. Aliniuliza mimi ni nani hasa, maana Hesbon huyo wa Lurambi tayari alikuwa amechukua kitambulisho chake... Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kumwuliza Kizito.

Kizito hakukana. Alikuwa hajawahi kuchukua kitambulisho maisha yake yote, kila mwaka alisema kesho. Sasa timu ilikuwa ikisafiri hadi Pwani na alihitaji kimoja, hivyo alipeleka cheti changu, fomu ikagongwa muhuri, akaweka alama za vidole vyake kumi. Nilimwuliza mimi sasa nitakuwa nani. Mnajua alinijibu nini?

"Si yangu iko hapo? Chukua hiyo."

Alimaanisha cheti chake cha kuzaliwa. Mnaona ndugu huyo? Alinipa karatasi iliyonizeesha miaka saba kwa siku moja! Nilipokwenda kujaribu bahati katika timu ya daraja la chini, kocha alinipenda kwa dakika arobaini. Kisha akaomba cheti, akasoma mwaka wa kuzaliwa, akaniambia kwa upole kwamba kwa umri wangu angeshauri nitafute kazi nyingine. Nilikuwa na miaka kumi na tisa!

Msimu ulipobakiza mechi chache, timu nyingine iliyokuwa mkiani pamoja na yetu ilipeleka malalamiko. Ilisema mfungaji wetu anatumia jina la mtu mwingine. Tuliitwa sote watatu, Mama, Kizito na mimi, mbele ya kamati, katika ukumbi wa hoteli moja hapa mjini. Ukweli ukijulikana timu ingepokonywa pointi na kushuka daraja, na Kizito angefungiwa.

Katibu alikuja nyumbani siku mbili kabla. Alipiga magoti sebuleni mbele ya Mama, jitu zima lenye tumbo, akalia machozi kwamba mji wote unatutegemea. Mimi nilikuwa nimeshakata shauri. Nilichukua picha ya darasa letu la kidato cha nne, iliyoandikwa majina yetu yote chini, nikaikunja na kuitia mfukoni. Nilitaka jina langu. Nilijiambia hata wakinichomea nyumba, nitasema.

Siku hiyo nje ya hoteli mashabiki walijaa na isukuti zao, wakiimba ule ule wimbo. Ndani kulikuwa na wazee watatu mezani. Kizito aliulizwa jina, akataja langu bila kupepesa jicho. Kisha mwenyekiti akamgeukia Mama, akamwuliza kwa heshima kama sisi wawili ni wanawe. Mama akakubali. Mwenyekiti akamwuliza Hesbon ni yupi.

Mama aliinama, akakaza leso kiunoni. Nilimtazama nikimngojea. Huyu ndiye aliyenizaa, nilijiambia, ndiye aliyechagua jina lenyewe, jina la baba yake mzazi. Hawezi!

Aliinua mkono akamwonyesha Kizito.

"Ni huyu."

Mwenyekiti akauliza na yule mwingine je.

"Huyo ni Kizito. Kifungua mimba wangu."

Hakunitazama aliposema hivyo. Mwenyekiti ndiye aliyenitazama, na alinitazama kwa muda, kwa sababu mtu mwenye macho alijua mimi si wa miaka ishirini na sita. Akaniuliza, "Kijana, ni kweli?"

Picha ilikuwa mfukoni. Niliishika kwa vidole. Kwa nini sikuitoa? Nimejiuliza swali hilo kila siku tangu hapo. Ningeitoa, ningekuwa nimemwita mama yangu mwongo mbele ya wanaume wasiomjua, na mmoja wao alikuwa amekwisha kututisha na habari za polisi. Nikafungua mdomo, nikasema, "Ndiyo. Mimi ni Kizito."

Malalamiko yakatupwa. Nje Kizito alibebwa mabegani. Timu ilibaki ligi kuu, na Kakamega nzima ikacheza ngoma hadi jua likatua. Mimi nilitembea kwa miguu mpaka Lurambi, na ile picha nikaichana njiani. Naijutia hadi leo, kwa sababu ndiyo ilikuwa shahidi wangu wa mwisho.

Msimu ulipokwisha, timu kubwa ya Nairobi ilimchukua. Yuko huko mpaka sasa, kwa jina langu na umri wangu. Simu zangu hashiki. Mimi niko Lubao siku za mnada, nasukuma ng'ombe wapande lori, na wachuuzi wananiita Kizito. Mguu wangu umepona kabisa. Nakimbia kuliko nilivyokimbia zamani. Nakimbilia wapi?

Vijana wenzangu, nawasihi kwa uchungu wote nilio nao. Cheti chako usimpe mtu! Usimpe ndugu, usimpe rafiki, usimpe hata mama yako akikulilia. Watakuambia ni kwa muda mfupi, ni karatasi tu, ni jina tu. Watu wazuri kabisa wanaweza kusema hivyo. Na kama umeshampa, sema mapema, kabla hujaketi mahali ambapo ukweli wako utamwaibisha mtu unayempenda. Na nyinyi viongozi wa timu mnaocheka na kuandika, siku moja mtaulizwa. Na nyinyi mashabiki mnaopiga isukuti, muulizeni mnayemwimba alizaliwa lini!

Nimeandika haya kwa sababu ya Jumapili iliyopita. Nilikwenda kumsalimia Mama. Siku hizi yuko peke yake, Kizito hata Krismasi hakuja, na wanawake wa kanisa wamechoka kumpongeza. Alikuwa amechinja kuku. Alinipakulia obusuma, ugali wetu, na mchuzi, na nilipotazama bakuli langu, imondo ilikuwa humo. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu! Alikaa mbele yangu, akafuta mikono kwa leso, akaniita kwa sauti ndogo.

"Kula, Hesbon."

Niliitoa ile imondo nikairudisha kwenye sufuria.

"Mama," nilimwambia, "Hesbon yuko Nairobi."